Niliowaondolea Kunguni Wamekataa Kunisemea

Mhariri, asante kwa kulificha jina langu, maana Njombe ni ndogo na neno halikawii kufika. Mimi ni mjane wa miaka thelathini na minne, nina watoto watatu. Kazi yangu ni kuua kunguni majumbani mwa watu. Navimwagia vitanda maji ya moto, napaka nyufa mafuta ya taa kwa unyoya wa kuku, kisha naziba kuta kwa udongo. Nikishaondoka, watu wanalala.

Kuna mzee wa Makambako mwenye nyumba ya wageni wanakolala abiria wa malori. Alitaka kunipa kazi ya kudumu, na kwangu hiyo ndiyo shule ya watoto. Lakini alikuwa amesikia maneno. "Mama, wanasema kunguni unawabeba mwenyewe kwenye kikapu, unawaacha kwa watu ili uitwe. Mimi siamini. Niletee tu watu wawili uliowasafishia, waseme kwa vinywa vyao. Mavuno yakiisha hujawaleta, nitatafuta mwingine."

Watu wawili! Nusu ya nyumba za hapa nimezisafisha mimi. Nilirudi nacheka peke yangu ndani ya lori.

Nikaanza kwa fundi cherehani. Alinisifu mpaka nikaona haya, kisha akasema wateja wakijua, hawatamletea nguo tena. Mwalimu yeye aliniuliza, "Kunguni? Kwangu? Labda umechanganya nyumba." Na godoro lake nililibeba mwenyewe kulitoa nje.

Akabaki mke wa mwinjilisti wetu, niliyepata naye kipaimara. Nikamsalimu, "Kamwene, dada. Naomba neno moja tu kwa yule mzee." Akanishika mkono. "Mdogo wangu, unajua nakupenda. Lakini wageni wa kanisa wanalala kwetu. Wakisikia, mume wangu atasimamaje mbele ya watu?" Akaniombea, akanisindikiza hadi barabarani.

Wiki hiyohiyo tulikutana mtoni kufua. Wanawake waliponiona wakaanza kusogeza nguo zao mbali na zangu. Mke wa mwinjilisti naye alikuwepo. Akasogeza za kwake.

Sikulia. Mpaka leo sijalia, na hilo ndilo linanitisha. Nakula, sikijui nilichokula. Watoto wakinisemesha najibu tu ndiyo.

Nikiwataja hadharani, nyumba kwa nyumba, jina langu litasafika, lakini nitakuwa nimewaaibisha watu walionifungulia vyumba vyao vya kulala. Nikinyamaza, Makambako imepotea na uongo umekuwa kweli.

Jana mke wa mwinjilisti alituma mtu. Kunguni wamerudi, nao wanamla mtoto wake mchanga. Nimejibu kwamba nitakwenda, sijui hata kwa nini. Mkisoma haya nitakuwa nimeshamsafishia, na mtoto analala. Wasomaji wenzangu, mngekuwa mimi, mngemtaja?