Geji Iliyooshwa kwa Sabuni

Adoyo hakuwahi kumrudishia mtu chombo kichafu. Alilelewa hivyo kwao Kendu Bay, kabla ya kuacha shule darasa la sita, na alipoolewa akaja Eldoret alikuja na tabia hiyo. Bakuli la jirani likiingia nyumbani kwake Kapsoya, lilitoka liking'aa. Basi asubuhi ile alipoikuta mezani geji ya lori ya Mzee Ismail, mteja wa binti yake, imejaa grisi na vumbi, hakuuliza mtu. Aliitumbukiza kwenye beseni la maji ya sabuni, akaisugua mpaka akaridhika.

Binti yake Aluoch, ambaye hutengeneza geji za magari ya zamani pale pale nyumbani, alirudi kutoka dukani akaikuta imeanikwa juani kati ya vikombe. Kioo chake kilikuwa na ufa, na kupitia ufa huo maji yalikuwa yameingia. Ukungu ulitanda ndani.

"Mathe! Umeosha hii?"

"Si ilikuwa chafu?"

"Ilikuwa chafu na nzima. Ilikuja kubadilishwa kioo tu."

Adoyo ni mtu wa kufunga mlango, kisha kurudi kuujaribu tena. Wa kuamka kuangalia kama jiko limezimwa. Na sasa ameharibu mali ya watu. Geji hiyo ya joto la maji ilitoka kwenye lori la Bedford ambalo Ismail aliachiwa na marehemu baba yake, na ya kufanana nayo Ismail alikuwa ameitafuta kila mahali akaikosa. Hata kabla hawajamaliza kusemezana, mwenyewe alikuwa akibisha hodi.

Adoyo alimweleza yote akiwa bado mlangoni. Ismail aliingia, akachungulia ule ukungu ndani ya kioo.

"Mama Aluoch, umeipiga sabuni kama sufuria?"

"Nisamehe, Mzee."

"Wallahi, hata mimi baba yangu hakuwahi kuniosha hivyo." Akacheka, lakini alipoketi hakuigusa chai aliyowekewa. Macho yake yalikuwa kwenye geji.

Haikuwa na skrubu hata moja. Kilichokishika kioo ni pete ya bati, ambayo ukingo wake ulikunjwa kwa nyuma ukabana kama mdomo uliokataa kusema. Aluoch alichukua kisu kilichofanywa butu, akainua ukingo kidogo tu, akazungusha, akainua kidogo mahali pengine. Akiharakisha mahali pamoja, bati lingepasuka. Alizunguka pete nzima, akarudia, akarudia tena, mpaka ikaachia.

Pete ilitoka, kioo kikafuata. Aluoch alifungua viskrubu viwili vidogo, akauweka uso wa geji kando ili maji yakauke, na Adoyo akainama kuangalia. Miaka yote alidhani ndani ya kitu kama hicho kuna waya tu. Kumbe kulikuwa na mrija wa shaba uliopinda kama ukucha wa paka, na kigurudumu chenye meno madogo kuliko mbegu za wimbi, yote yakingoja. Hakuna aliyeyaona tangu kiwandani.

"Yawa," alinong'ona. "Nani alikaa akatengeneza hivi?"

Sehemu zote zilipokauka na kurudishwa, Aluoch alitumbukiza kwenye sufuria ya maji iliyokuwa jikoni ncha ya mrija mwingine, mrefu na mwembamba, unaotoka nyuma ya geji kupokea joto. Maji yalipopata moto, mshale ulitikisika, ukapanda. Ismail akasogea. Maji yakachemka kwa nguvu, lakini mshale ukasimama kabla ya kufika nyuzi mia.

"Nimeiua," alisema Adoyo.

Aluoch aliinuka. Alitoa geji nyingine kwenye kopo lake, ambayo haijawahi kuona sabuni, akatumbukiza ncha yake kwenye maji yale yale. Mshale wake ulipanda, ukasimama pale pale.

"Geji mbili zisingekubaliana kusema uongo mmoja," alisema Ismail polepole.

"Si geji, Mzee. Ni hapa kwetu. Tuko juu sana kuliko bahari, maji huchemka kabla ya kufika mia. Mathe, si wewe hulalamika kila siku maharagwe ya huku hayaivi?"

Adoyo aliduwaa. Anapika katika jiko la wanafunzi kule chuoni Chepkoilel, na tangu aje amekuwa akilaumu makaa, akilaumu maharagwe, akijilaumu mwenyewe. Kumbe kulikuwa na kitu kidogo cha bati kinachojua jambo hilo.

Ismail alishusha pumzi, akaivuta chai yake iliyopoa. Geji nayo ilipoa, mshale ukarudi chini kwenye thelathini.

"Ishike sasa," Aluoch alimwambia mama yake. "Hapa kwenye ncha."

Adoyo alifuta mikono kwenye leso, akaifumbata ile ncha ya shaba. Mshale ulikaa kimya. Kisha, taratibu, ukainuka kiasi cha upana wa uzi. Hakuna moto, hakuna maji. Ni kiganja chake tu.

"Inanisikia," alisema, akaogopa hata kusogea.

"Mwache kwanza," Ismail alimwambia Aluoch, aliyekuwa ameshika kioo kipya na pete. "Utafunga akimaliza."