Kilio cha Mama wa Gerezani

Velayudham alishika taa za studio za filamu za Kodambakkam miaka ishirini, na taa hizo ndizo zilizomla macho. Alipokuwa kipofu kabisa walimvisha shali na shada la maua, wakamsahau siku hiyohiyo. Mkewe, Poongothai, ambaye yeye alimwita mama Kanaga kwa jina la binti yao, ndiye aliyebaki kwenye filamu: mpita njia, muuza mboga, mwombolezaji wa safu ya nyuma. Alizeeka hivyo bila kuambiwa afungue mdomo.

Kisha mwigizaji mmoja akaugua, na mwongozaji akamnyooshea kidole yeye. Awe mama anayepeleka wali gerezani, asijue kuwa mwanawe ameshanyongwa. Nyumbani walifanya mazoezi wiki nzima. Mume alikuwa askari wa lango, na kila mkewe alipofika kwenye "Basi wali huu nimpe nani?" na kuangua kilio, askari alisahau maneno yake akajifuta uso.

Siku ya kupiga picha hata wabeba nyaya walilia. Mwongozaji akamwambia kuanzia leo jina limetoka.

Lakini sauti hutiwa baadaye, katika chumba cha kurekodia, na fundi wa sauti alipomsikia alicheka puani. Alisema Umadurai, lafudhi ya kwao, umemjaa mdomoni, watu wa mjini watamcheka, na kwamba yuko bibi mmoja mwenye sauti laini atakayesema badala yake. Poongothai hakuwa mtu wa kuomba, lakini siku hiyo aliomba. Wamwachie walau kile kilio. Fundi akasema wataona. Maskini, akalishika neno hilo. Yeye hakumwambia mumewe kitu, maana mume alikuwa ameshapigisha pasi shati la kwendea sinema.

Ukumbini Velayudham alikaa wima, amemshika mkono. Uso wa mkewe ukajaa pazia zima. Mama wa gerezani akasema maneno yake kwa sauti nyororo ya mtangazaji. Poongothai akangoja kilio. Kikaja, nacho kilikuwa cha yule bibi.

Watu walikuwa wakilia kwa kwikwi kila upande. Velayudham alizijua kazi za studio, hakuhitaji kuelezwa.

"Mama Kanaga," alisema polepole, "kumbe wote wamekuona. Mimi tu ndiye sijakuona."

Jina lilitoka kweli. Alicheza akina mama thelathini na mmoja, na kila mtayarishaji alitaka sauti ileile, kwa kuwa watu wameshaizoea. Kila jioni alirudia mbele ya mumewe maneno ya siku hiyo kwa sauti yake mwenyewe, naye akasikiliza. Mwaka wa pili alisikiliza huku redio ikiwa wazi, kwenye kipindi cha vipande vya filamu.

Siku moja Poongothai akiwa katikati ya maneno yake, redio ikaleta kile kipande cha gerezani. Velayudham akainua mkono.

"Hebu nyamaza kidogo, mama Kanaga. Nimsikilize huyu."

Akanyamaza.