Mama, Maziwa na Dawa za Wiki Sita

Nauza dawa hapa Mbeya, na kwa siku moja naweza kugombana na watu kumi bila kuchoka. Mtu anaingia na mafua ya jana, anasema, "Nipe rangi mbili." Anataka kapsuli za amoksilini, ambazo kwa mafua hazisaidii kitu, maana mafua yanaletwa na virusi na dawa hizo huua bakteria tu. Mwingine amekuja na cheti cha metronidazo, anainama na kuuliza kama ulanzi kidogo, pombe ya mianzi, una shida. Namwambia una shida, atatapika mpaka ajute. Nina mdomo, nakubali, na nilijiona najua kuutumia mpaka mama yangu alipougua.

Mama anaishi Mlandege, Iringa, na wakati huo alikuwa na ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba. Alianza kupata homa ya kuja na kuondoka, na mgongo ukamuuma hata kuinuka kitini ikawa kazi. Hospitali walimpima wakamwambia ni brusela, ugonjwa wa mifugo ambao watu wengi huupata kwa kunywa maziwa mabichi. Akapewa antibiotiki mbili za kumeza wiki sita, doksisaiklini na rifampisini. Muuguzi alimweleza kila kitu, naye akaitikia "ndiyo" kila mara, kama anavyomwitikia mchungaji.

Aliponipigia kunipa habari nilikuwa na foleni. Nikamwambia haraka haraka, "Mama, hizo ni dawa kali, usimeze tumbo tupu." Nikakata simu nikijipongeza.

Wiki ya tatu sauti yake kwenye simu ilikuwa imepungua. Alisema anaendelea vizuri, lakini kila sentensi aliipumzikia katikati. Kesho yake nikapanda basi la alfajiri kwenda Iringa.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta jikoni na glasi ya maziwa, bado ya moto kutoka kwenye chuchu. Akatia kapsuli ya doksisaiklini mdomoni, akaishushia na maziwa yale mpaka tone la mwisho.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nameza dawa. Si wewe ulisema kali, tumbo lisiwe tupu? Dawa kali na maziwa, hilo kila mtu hapa analijua."

Nilikaa kwenye ndoo iliyokuwa karibu. Kila mtu analijua kweli, hata mimi nililelewa hivyo. Lakini kalsiamu iliyomo kwenye maziwa huishika doksisaiklini tumboni, ikaingia mwilini pungufu. Tena maziwa yenyewe yalikuwa mabichi, kwa hiyo alikuwa anameza dawa na ugonjwa kwa glasi moja.

Nikaomba nione rifampisini. Pakiti ilikuwa bado imejaa karibu yote.

"Ile nyekundu niliacha," akasema akiangalia pembeni. "Ilinitoa damu."

"Damu wapi?"

"Chooni. Siku ya nne. Mkojo mwekundu kabisa."

Rifampisini hugeuza mkojo, na hata machozi, kuwa na rangi ya machungwa au nyekundu. Ni rangi tu, haina madhara. Nilipomwambia hivyo alinitazama kama nimemwibia kitu. Mimi nilikuwa na hasira, halafu hasira ikawa woga. Bakteria wa brusela hujificha ndani ya chembe za mwili, ndiyo maana dawa huwa mbili na siku huwa nyingi. Ukiacha moja wanarudi, na wangekaa kwenye uti wa mgongo, mama yangu asingeinama tena kupalilia hata tuta moja.

Tulirudi hospitali siku hiyo hiyo. Daktari akasema aanze upya, wiki sita kamili.

Jioni nilimweleza polepole, safari hii bila haraka. Nikamwambia amoksilini na ndugu zake hubomoa ukuta wa bakteria. Doksisaiklini haigusi ukuta, inaingia jikoni kwao na kuzuia chakula kisiive. Rifampisini inazuia maagizo yasifike jikoni.

"Kwa hiyo mmoja anamkaba mpishi," mama akasema, "mwingine anamkaba anayetoa oda."

"Hivyo hivyo."

"Basi watakufa njaa, washenzi!" Akacheka, mara ya kwanza tangu nifike.

Tukapanga. Rifampisini asubuhi kabla ya kula. Doksisaiklini na glasi kubwa ya maji, kisha akae wima, asijilaze. Maziwa baadaye sana, tena yaliyochemka mpaka yakapanda. Ng'ombe alipimwa na mtu wa mifugo, akakutwa na ugonjwa, akaondolewa. Mama alimlilia waziwazi, na mimi nikamsaidia.

Siku ya kapsuli ya mwisho alinipigia ili nisikie akimeza. Nikasikia maji yakishuka, nikampigia makofi mbele ya wateja. Homa ilikuwa imekwisha na mgongo umenyooka. Kisha akashusha sauti.

"Mwanangu, kuna jambo. Zile siku za mkojo mwekundu nilijua nakufa. Nikamwita jirani yangu wa kwaya, nikampa vitenge vyangu vyote. Nikamwambia abakize cha bluu tu, cha kunizikia. Sasa jana kanisani kavaa cha kijani, kimempendeza kweli. Nitamdai vipi na mimi sijafa?"

Nilicheka mpaka mteja akaweka cheti chake kaunta akacheka na yeye, bila kujua anacheka nini. Nilipokata simu nikaingia stoo, nikalia. Mama yangu alikuwa amegawa nguo zake akanyamaza. Na kila jioni ya wiki zile sita nilikuwa nampigia, namuuliza swali moja tu, umemeza, naye ananijibu, nimemeza.