Nilisoma siyasa Kisangani wakati wa rebellion, na karatasi sitini ndizo zilinifunza kazi yenyewe

Wakuu, mbote kwenu wote.

Juzi kijana mumoja ameuliza humu: nikisoma sayansi ya siyasa université, itanifikisha wapi? Mukamujibu itamufikisha kijiweni kuhesabu magari. Nilicheka. Kisha nikakasirika.

Sasa naleta yangu. Sitaongeza chumvi, kwa sababu miaka ile nilikuwa naandika cahier, daftari yangu, kila siku, na hiyo cahier iko hapa mezani.

Kwanza munisamehe Kiswahili yangu. Mimi ni mwanamuke wa Kisangani, upande wa Lubunga, ng'ambo ya mto. Kwetu Kiswahili, Lingala na Kifaransa tunapika chungu kimoja. Mahali hamuelewi, muulize.

Bon.

Ilikuwa wakati wa rebellion, uasi wa bunduki. Si ile ya kwanza, iliyokuja kidogo baada ya indépendance, hiyo ni ya wazazi. Hii ilikuwa yetu. Mji ulikuwa umekatwa na Kinshasa, bateau hazipandi tena mtoni. Serikali ya Kinshasa inatuhutubia kwenye radio, na wenye bunduki ndio wanatutawala. Donc tulikuwa na wakubwa wawili, na hakuna hata mumoja wa kupelekea malalamiko.

Mimi nilikuwa nimetoka tu secondaire, diplôme d'État mkononi, na haraka mwilini. Nilitaka kuelewa ni nani anatuongoza na kwa nini. Nikasema nitasoma siyasa.

Papa hakutaka kusikia. Papa ni tailleur, fundi wa nguo, wa zile familia za Kiislamu za zamani za mji, mashine yake inakaa mbele ya nyumba. Akaniambia:

"Unataka kusoma siyasa? Siyasa inapita hapa barabarani na bunduki kila siku. Kaa hapa uisome bure."

Musimucheke. Rebellion ya kwanza ilimukuta kijana. Aliona makarani wakiitwa mumoja mumoja kwenda kuuawa, wale wenye kalamu kwenye mfuko wa shati. Mpaka leo hachomeki kalamu kifuani. Anaiweka ndani ya soksi.

Nikajiandikisha hata hivyo. Alinuna wiki mbili, kisha akanishonea jupe mbili, sketi za kwenda fac, chuoni, bila kusema neno. Kwetu hiyo ndiyo ruhusa.

Miaka miwili ya kwanza sitawachosha nayo. Pirogue asubuhi kuvuka mto, kutembea, notes za kunakili kwa mkono, professeur hawapo kwa sababu wengi wako Kinshasa na njia imefungwa. Waliobaki walikuwa wanafundisha cours tatu tatu.

Tatizo lilikuja mwaka wa tatu.

Mwaka wa tatu unaandika travail ya kumaliza masomo, sisi tunaita TFC. Bila hiyo hakuna diplôme. Sujet yangu niliipenda kama mutoto: mutu wa Lubunga akiwa na shida, anaipeleka kwa nani wakati serikali ziko mbili?

Directeur wa travail yangu, mwalimu, chef de travaux mumoja mwenye kikohozi na moyo muzuri, akasema nitafute watu sitini niwaulize maswali. Akanipa modèle ya fac. Juu ya karatasi unaandika jina, umri, avenue na kazi. Chini unaandika majibu.

Modèle hiyo ilitungwa wakati wa amani. Hakuna aliyeigusa. Mimi pia sikuigusa. Nilikuwa na haraka.

Nikazunguka Lubunga na ubao wangu wa kuandikia. Siku tisa nimemaliza. Niliona fahari kweli, wenzangu walikuwa bado kwenye introduction.

Papa aliniuliza mara moja tu: "Na majina ni ya kazi gani?"

Nikajibu: "Ni science, papa."

Akarudi kwenye mashine.

Watu walinifungukia kuliko nilivyotegemea. Mama Anjelani, muuza samaki, mutu wa kijiji cha Yanonge, alisema: "Mama, andika vizuri. Askari akichukua samaki yangu, ninaenda kwa chef wa avenue. Chef anaogopa. Ninaenda commune. Commune nayo inaniuliza kama samaki imebaki." Tulicheka mpaka akamwaga maji ya beseni.

Kisha akasema kitu kingine, kwa sauti ya chini. Mutoto wake alishushwa kwenye pirogue na wenye bunduki, na anajua ni nani aliyemushusha. Nikaandika hicho pia. Jina juu, maneno chini.

Siku ya kumi nikaitwa bureau ya usalama ya wenye bunduki.

Nilitegemea kupigwa makofi. Haikuwa hivyo. Agent alikuwa mutu wa adabu, shati limepigwa pasi, akanikalisha, akaniita mademoiselle. Alikuwa anajua yote: karatasi ngapi, avenue gani.

Akasema administration mpya inatafuta vijana wenye kusoma siyasa. Kuna nafasi ya secrétaire, bureau iko upande ule wa mji, naweza kuanza mwezi ujao. Kitu kimoja tu. Kesho saa ine asubuhi nimuletee zile karatasi azisome.

"Unaona," akasema, "wanasema siyasa haipeleki mutu popote."

Wakuu, nitasema ukweli kama nilivyoahidi. Kwenye pirogue ya kurudi, nusu ya mto, nilikuwa nimeshakaa kwenye ile bureau kichwani mwangu. Nimeshapanga kiti. Cahier yangu ya siku hiyo imeandika: secrétaire, miaka ishirini na mbili. Chini yake hakuna kitu.

Nilifika nyumbani nikamwambia papa. Nilingoja aseme, "Nilikuambia." Hakusema. Alikuwa anapiga pasi suruali ya mutu, ile pasi ya makaa. Akasema, "Lete nione."

Alisoma polepole, kidole chini ya mustari. Akafika namba kumi na ine. Namba kumi na ine ni yeye.

"Mimi nilisema hivi?"

"Ulisema mbaya zaidi, papa. Nilipunguza."

Hapo alicheka, lakini kidogo. Kisha akanipa makasi.

Nikaona akili yake. Tukakata kichwa cha kila karatasi, ule mustari wa jina na avenue. Sitini. Papa akafungua kifuniko cha pasi, tukawa tunaingiza vipande ndani ya makaa, vinawaka, anaendelea kupiga suruali. Mutu akipita anaona tailleur na binti yake wanafanya kazi.

Nilipumua. Nikasema kesho nitapeleka majibu bila majina. TFC imepona, kazi imepona, watu wamepona.

Kisha nikachukua ya mama Anjelani kuiweka vizuri, na macho yakasoma yenyewe. Muuza samaki. Wa Yanonge. Mutoto aliyeshushwa kwenye pirogue, siku fulani, mahali fulani. Lubunga nzima ni nani mwingine?

Nikasoma ya pili, ya tatu. Mwalimu mwenye mguu mumoja mufupi. Imam. Mwenye radio kubwa. Jina nilikuwa nimelikata, mutu bado alikuwa amekaa pale pale ananiangalia.

Papa hakuniambia nifanye nini. Hilo nalishukuru mpaka leo. Alishika pasi tu, kifuniko wazi.

Nikaingiza zote. Pasi haikutosha, tukamalizia kwenye mbabula, jiko ya makaa ya kupikia pondu, kisamvu. Pondu ya siku hiyo ilinuka karatasi, na tuliila.

Kesho yake saa ine niko pale, mikono mitupu.

"Karatasi ziko wapi?"

"Nimechoma, chef."

"Umechoma travail yako mwenyewe?"

"Ndiyo, chef."

Adabu haikuondoka, ndiyo ilinitisha. Akasema basi nitaje majina kwa kichwa. Nikasema watu sitini, chef, mimi hata nikiimba hymne ya taifa ninasahau ubeti wa pili. Akasema kaa kwenye banc ya barazani mpaka ukumbuke.

Nilikaa siku tatu, asubuhi mpaka jioni, na jioni napelekwa nyumba ya nyuma na wanawake wengine. Sitaelezea hapo. Nilitoka na meno yangu yote, wengine hawakutoka hivyo. Papa alivusha mashine yake ya mkono kwa pirogue, akakaa ng'ambo ya barabara, anashona vitu visivyo na mwenyewe. Kila nikiinua macho yuko.

Siku ya ine agent akachoka. Akasema, "Enda. Hutakuwa mutu wa kitu chochote."

Chef de travaux alinisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akasema bila protocoles za enquête, zile karatasi za majibu, hakuna TFC. Mwaka umekwenda. Wenzangu walimwagiwa poudre, unga wa kupongeza waliofaulu, siku ya proclamation, mimi nilikuwa nimeshika mfuko wa poudre ya kuwamwagia.

Alors, nikarudia.

Safari hii sikuwa na ubao wala karatasi. Nilikaa bandarini ambako watu wanangoja pirogue, nikasikiliza. Narudi nyumbani, naandika ni shida gani na ilipelekwa wapi. Hakuna jina, hakuna avenue, hakuna kazi, hakuna mutoto wa mutu. Ilichukua miezi saba. Mimi, mwenye haraka.

Siku ya défense, ya kutetea travail mbele ya walimu, mujumbe mumoja wa jury akainua mkono. Akasema mademoiselle, hii inapendeza, lakini témoins, mashahidi wako, wako wapi? Science inataka témoins.

Nikasema: "Wako wazima, professeur. Wanauza samaki."

Wakanipa satisfaction, alama ya kupita, distinction hapana. Poudre ilinifika mpaka masikioni.

Leo niko secrétaire kweli, wa quartier, mtaa wetu, Lubunga. Bureau haina mulango. Watu wanakuja na mipaka ya mashamba, na ndoa, na wenye bunduki wapya wakipita. Hakuna gari ya service, musiniombe lift.

Kwa hiyo kijana uliyeuliza, jibu langu hili hapa. Siyasa itakufikisha kwenye kiti, na mbele yako mutu mwenye adabu atakuomba majina ya wengine. Inaweza kuwa bureau, ONG ya misaada, parti ya siyasa, hata kwenye simu yako. Cours nyingine zote utazisahau. Jibu la siku hiyo lipange mapema, kwa sababu utapewa usiku mumoja tu wa kufikiri, na kazi nzuri itakuwa imewekwa kando yake.

Ukiona unaweza, enda ukasome. Ukiona una haraka, enda hata hivyo, haraka itapunguzwa.

Wenye mulisoma siyasa, semeni ilikufikisheni wapi, nasoma zote. Na wewe wa kijiweni, hesabu magari, kisha uje uniambie ni ya nani.