Siku Koplo Matope Alipokataa Kuchekesha

Bado naikumbuka siku ile, mwanangu, na nakuambia leo kwa sababu jana nilikuona umekodolea simu macho, ukishangilia waigizaji wakipigana vita vya sinema. Cheka tu, si dhambi. Hata mimi nikiwa msichana nilikuwa na mwigizaji wangu.

Alikuwa Mzee Arap Tonui, jirani yetu hapa upande wa Kedowa. Redioni aliigiza askari mwoga, Koplo Matope, aliyekimbia hata kivuli chake mwenyewe. Kutoka Bomet mpaka Kipkelion watu walichelewa kukamua ng'ombe wakimsikiliza. Sote tulijua kwamba ujanani Wazungu walimchukua akapigane Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, basi tukadhani vita vyenyewe vilikuwa hivyo: unaanguka matopeni, watu wanacheka, unarudi nyumbani na koti zuri.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini siasa ilichafua hewa. Jirani wa siku zote akaanza kuitwa mgeni. Asubuhi moja lori la kubeba majani chai halikuja, tukakaa kwenye kituo cha kupimia majani na vikapu vyetu, majani yakinyauka, na vijana wakaanza maneno. Kaka yangu Kiprono alikuwa na upinde. Walikuwa wamekubaliana kwamba jioni wataenda kumfukuza Mama Njeri, mwenye duka pale kona, kwa kuwa watu wake walitoka Nyeri. Akikataa kuondoka, basi. Hilo “basi” kila mtu alilielewa. Na huyo ndiye aliyemkimbiza mama yetu hospitali alipozidiwa na uchungu wa uzazi.

Mzee alipotokea na kikapu chake, vijana walifurahi. Kiprono akamwomba awape moyo, yeye aliyeona vita. Wengine walishaanza kutabasamu, wakimngoja Koplo.

Mzee aliweka kikapu chini. “Huyo Koplo nilimtunga,” alisema, “kwa sababu yale niliona singeweza kusema kwa redio. Kule niliua mtu. Mpaka leo sijui jina lake.”

Akatueleza, polepole, jinsi alivyorudi nyumbani na mama yake akakatazwa kumkumbatia. Kwa desturi yetu, aliyeua hakuingia nyumbani hivi hivi. Wazee walimweka kibandani kando ya mto, analetewa chakula, hagusi mtoto, hakamui, mpaka walipomtakasa. Alisema alilia humo kuliko alivyolia vitani. Kisha akamgeukia kaka yangu.

“Mkitoka kwa huyo mama, nani atawakalisha kando ya mto? Wale wazee walinisafisha, wote tumezika. Na mimi walinisafisha kwa sababu niliua mtu simjui. Huyu, Kiprono, unamjua jina. Dawa ya hiyo haikuwangi.”

Mzee alivuka barabara, akaketi mlangoni pa Mama Njeri na kuomba chai. Kiprono akauacha upinde pale kituoni, akaenda kuketi karibu naye. Jioni ile hakuna aliyekwenda popote. Sisemi kila mahali palikuwa hivyo. Kwingine nyumba ziliungua, na mpaka sasa wapo wazee wanaopishana sokoni bila salamu. Hilo huniuma hadi leo.

Kwa hiyo, mwanangu, wapende waigizaji wako, ila ujue mwigizaji akianguka huinuka, akajipangusa vumbi, akaenda kula. Mtu yeyote akikuita mkamdhuru jirani, hata awe mkubwa namna gani, jiulize kwanza utarudije nyumbani, na mtoto wako utamshika kwa mkono upi. Ukikosa jibu, keti chini, wacha wakuite mwoga.

Mungu akutunze. Mikono yako ichume chai, ibebe watoto, na kila atakayeishika kwa salamu aishike bila hofu.