Balbu Nne Juu ya Vifaranga

Juzi kwa masomo ya jioni mwalimu aliniita kando, akasema kwa upole, "Mama, achana na Fizikia. Chukua somo la Dini, utapita." Wewe unanijua, Mungu wangu nampenda na magoti yangu yanajua sakafu. Lakini ule upole uliniuma. Nikamwambia anipe swali moja mbele ya wote. Nikikosa, nafuta jina langu mwenyewe.

Akaandika ubaoni. Kuna nyota inawaka kama majua manne. Sayari yake iko mbali nayo mara mbili ya vile sisi tuko mbali na jua letu. Inapata mwanga kiasi gani ukilinganisha na dunia?

"Mara mbili!" darasa likapiga kelele. Kijana wa nyuma akaongeza, "Mathe, hii si ya kufunga na kuomba."

Wacheke tu. Mimi nilikuwa nimesharudi utotoni, mtaa wetu wa Tena, nyuma ya nyumba yetu, kwa banda la kuku la nyanya yangu. Tulimwita kukhu, yaani nyanya kwa lugha ya kwetu. Harufu ya pumba iliyolowa, vifaranga wakilia tangu alfajiri, na mimi na kopo la maji kabla ya kwenda kanisani. Kukhu alikuwa amening'iniza balbu ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Kipimajoto hakuwa nacho. Vifaranga wakikimbilia pembeni, wanaungua. Wakirundikana, wanasikia baridi.

Walipoanza kuirukia balbu, akaniambia niipandishe iwe juu mara mbili ya ilipokuwa. Nikaipandisha, nikaongeza ya pili, nikijiona fundi. Wakarundikana. Jirani akachungulia juu ya ua: "Kesho hawa ni supu!" Nililia. Kukhu hakunigombeza. "Waulize wao," akasema. Nikaongeza ya tatu, bado. Ya nne, wakatawanyika, wakalala wametandaza mabawa. Halafu akanionyesha duara la mwanga pale chini: ukiinua taa mara mbili, linapanuka mara mbili kwa urefu na mara mbili kwa upana pia. Mwanga ni ule ule, lakini sasa unafunika mahali pakubwa mara nne.

Nikasimama. "Mwalimu, ni sawa na hapa kwetu. Umbali mara mbili, mwanga unabaki robo. Majua manne yanaurudisha."

Akaangalia ubao, akaangalia daftari lake. "Nani alikufundisha?"

"Kuku."

Walicheka, lakini safari hii kijana wa nyuma alibeba kiti chake akaja kukaa karibu na mimi.

Lile banda halipo. Pamesimama gorofa, na nguo za wapangaji hazioni jua mpaka saa sita. Watoto wangu wanajua kuku wa paketi. Kukhu tulimzika nyumbani magharibi, na hakuna mtu aliyewahi kumwita mwalimu. Mimi namwita. Fomu nimejaza, Fizikia, kwa wino. Mungu aliyewasha nyota zote hizo hajawahi kuniambia nisizihesabu.