Moyo wa Sitini na Nne kwa Mia

Hapo Kasongo, nyuma ya soko, waulize waendeshaji wa pikipiki malewa ya Mama Léocadie iko wapi, watakuonyesha hata kabla hujamaliza kuuliza. Ni kibanda cha miti na mabati ambamo watu hula wali, maharage na samaki wa Nyangwe. Ukishaketi, jihadhari. Usipenge kamasi karibu na sufuria, usitie kidole kwenye chumvi. Mama huyu ana kinyaa, jamani! Siku moja alimnyang'anya mteja sahani kwa sababu jamaa alijikuna kwapa kisha akashika kijiko. Yule mtu akabaki mdomo wazi, tumbo tupu. Watu humcheka kwa tabia hiyo, lakini ndio haohao wanaorudi kesho yake, maana katika wali wa Léocadie huwezi kutafuna jiwe wala kukuta unywele.

Tangu ujana wake alibeba beseni la chakula kichwani kutoka nyumbani hadi sokoni, akigombana njiani na kila anayemrushia vumbi. Msimu wa mvua uliopita akaanza kutua beseni katikati ya mwinuko. Kwanza alisingizia matope. Baadaye miguu ikavimba hata viatu vikakataa kuingia, na kitandani akawa analala ameegemea ukuta, kwani akijinyoosha tu kifua kinajaa kama mtu aliyezama.

Unadhani nyumbani walimhurumia? Wapi! Mumewe, Jean-Baptiste, fundi wa baiskeli, alikuwa mtu wa kunyamaza. Msemaji wa nyumba alikuwa kaka yake mkubwa, Wenceslas, aliyewahi kuwa direkta, yaani mwalimu mkuu, wa shule ya msingi. Alistaafu zamani, lakini mpaka leo huongea na watu wazima kana kwamba wamechelewa darasani. Binti yake Laetitia alikuwa karibu kuolewa, wakwe walikuwa wanatoka Kabambare, ukoo mzima, na Wenceslas alishatangaza kwamba chakula chote cha harusi kitapikwa na Léocadie. Hakumwuliza. Alitangaza tu.

"Shemeji, miye niko mugonjwa," Léocadie alimwambia. "Kupanda tu hapa kunanimaliza. Nitapikia watu wote wale namna gani?"

"Mama Dady," Wenceslas alijibu, akimwita kwa jina la mwanawe kama ilivyo desturi, huku akichokonoa meno, "ugonjwa gani huu unaokuja pamoja na harusi? Mbona haukukuja wakati wa kula?"

Watu waliokuwa uani wakacheka. Jean-Baptiste naye akacheka kidogo, kwa pua. Kicheko kile kilimchefua Léocadie kuliko meno yaliyokuwa yakichokonolewa. Tangu siku hiyo akataka kitu kimoja tu: ajue kifuani mwake kuna nini, na nyumba ile imwamini, kabla zile sufuria za harusi hazijamwua.

Bahati ikaja. Daktari mmoja, Kavira, mwanamke kijana wa upande wa Butembo, alifika hospitali na mashine ya kupiga picha za moyo, ile wanayoiita ekografi. Léocadie akaenda. Alivuliwa nguo ya juu, akalazwa ubavu wa kushoto, akapakwa kifuani kitu cha baridi chenye utelezi kama maji ya dongodongo, ile bamia. Ee Mungu wangu! Nusura aruke kitandani. Lakini akauma meno, akatazama kile kioo ambamo kitu cheusi na cheupe kilikuwa kinafunguka na kujifunga, kinafunguka na kujifunga.

"Ndio moyo yangu ile?"

"Ndio, Mama. Tulia kidogo."

Daktari alitazama muda mrefu, akirudia mahali palepale, na uso wake ukabadilika. Alipoanza kueleza, jenereta ikazima, na wagonjwa wengine kwenye mstari wakaanza kupiga kelele. Akamalizia kuandika matokeo na dawa kwa mwanga wa dirisha, akamwambia achukue karatasi, ila arudi na mumewe aelezwe kwa utulivu. Namba ya simu iliyokuwa kwenye kadi ya Léocadie pale hospitali ilikuwa ya Jean-Baptiste, kwa sababu yeye mwenyewe hana simu.

Alipofika nyumbani, hakupata hata nafasi ya kufunga mlango wa uani. Wenceslas alimpokonya karatasi mkononi, akavaa miwani, akaanza kusoma Kifaransa chake kwa sauti ya kutangaza. Mistari ya kwanza ilikuwa na maneno marefu, akairuka, kama anavyoruka kila asichokielewa. Macho yake yakatua kwenye namba: sitini na nne kwa mia.

"Amepita!" akapiga kelele. "Soixante-quatre! Watu wa nyumba hii, moyo ya Mama Dady imepita!"

Nawe unajua namna sisi tulivyo na namba hizi. Tangu mtoto wa darasa la kwanza mpaka mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, mtu ni alama zake kwa mia. Hamsini umepita, chini ya hapo umeanguka, sitini na kitu wazazi wanatembea barabarani vifua mbele. Huyu mwalimu, aliyesahihisha kazi za watoto maisha yake yote, akaona kwa mia chini ya jina la mtu: angefikiri nini kingine? Na matokeo mazuri yakitoka, mshindi humwagiwa poda. Basi mke wa Wenceslas akakimbia ndani, akatoka na kopo la poda ya watoto, akammwagia Léocadie kichwani. Wengine wakapiga vigelegele, jirani wakaingia, kopo la pili likaletwa.

Poda ikamwingia puani, ikashuka kooni, ikachanganyika na jasho shingoni ikawa uji. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, nao wakafikiri ni furaha. Mkono mmoja wenye harufu ya samaki ulimpangusa midomo. Jambo baya zaidi, alijikuta anatabasamu, maana watu wote uani walikuwa wanatabasamu, na baadaye alijichukia kwa tabasamu lile.

"Sasa umeona?" Wenceslas alimwambia, mate yakimrukia usoni. "Moyo ya sitini na nne haichoki. Ile ilikuwa uvivu. Anza kuhesabu sufuria."

"Daktari alisema turudi, miye na Baba Dady."

"Kurudi kufanya nini? Mutoto akishapita, unarudi shule kuuliza nini?"

Jean-Baptiste alikuwa amesimama karibu. Léocadie akamtazama, akangoja neno. Mume akasema, "Tupumzike kwanza, mama, tutaona."

Hawakuona kitu. Siku zikapita, kuni zikapasuliwa, mbuzi wakafungwa nyuma ya nyumba, sufuria za parokia zikaazimwa. Jean-Baptiste akawa mpole wa ajabu. Akamletea mkewe maji ya kuoga, akamwondolea beseni kichwani mara moja au mbili, kisha akatazama pembeni akiulizwa sababu. Kila asubuhi Wenceslas alipita akiuliza, "Sitini na nne imeamkaje?" na kuchekea maneno yake mwenyewe. Léocadie alikuwa anachambua mchele wa harusi huku pumzi inamkata akiwa ameketi. Akajiuliza kama kweli ni uvivu. Mtu mzima, mama wa watu, akaanza kuutilia shaka mwili wake mwenyewe kwa sababu ya mdomo wa shemeji. Hapo ndipo kinyaa kilimpanda hadi kooni. Akafuta mikono, akaaga kwamba anaenda kutafuta chumvi, akapanda pikipiki peke yake hadi hospitali.

Daktari Kavira alipomwona, alisimama.

"Mama, mbona umechelewa hivi? Dawa unakunywa?"

"Dawa gani, docta? Si moyo yangu ilipita? Sitini na nne."

Daktari hakucheka. Akamkalisha, akakunja ngumi yake, akaifungua, akaikunja tena.

"Angalia. Moyo ukikaza hivi, unasukuma damu itoke. Ile namba inasema, kwa damu iliyomo ndani, ni kiasi gani inatoka kwa pigo moja. Hakuna moyo ya mutu inayotoa mia yote. Sitini na nne ni nguvu ya kawaida. Si maksi ya shule, Mama. Inasema tu kama ukuta wa moyo iko na nguvu."

"Sasa kama iko na nguvu, nakosa pumzi ju ya nini?"

"Ju ya mlango. Ndani ya moyo kuna vyumba, na kati ya vyumba kuna milango. Mlango wako mmoja umekakamaa, umebaki tundu ndogo. Damu inasukumana nyuma yake, inarudi kwenye mapafu. Niliandika pale juu, mistari ya kwanza. Ulipokuwa mutoto ulipata kuumwa koo, kisha magoti yanavimba?"

Léocadie akakumbuka. Alikuwa amelala kwa bibi yake, magoti yamevimba, hawezi kwenda shamba.

"Ilianzia pale. Unahitaji dawa kila siku, sindano kila mwezi, na nitakuandikia uende Bukavu, waone namna ya kufungua mlango ule. Na kubeba vizito, na kukaa juu ya moto mukubwa, hapana. Unaweza kuanguka palepale." Daktari akamshika mkono. "Lakini Mama, haya yote si mapya kwako. Nilimpigia mume wako kesho yake. Nilimweleza yote kama ninavyokueleza. Alisema ameelewa, atakuleta."

Léocadie akachukua dawa, akaomba awekewe kitanda wodini, akatoka nje. Pikipiki ilikuwa inamngoja, naye akamwambia mwendeshaji amngojee na nyumbani pia.

Uani wanawake walikuwa wanapepeta mchele. Wenceslas alikuwa kwenye kiti chake, na Jean-Baptiste alikuwa ameinama anajaza upepo gurudumu la baiskeli. Léocadie akashika nguzo ya baraza.

"Baba Dady. Docta alikupigia simu?"

"Simu gani?"

"Ile ya kesho yake ya poda."

Mkono wa Jean-Baptiste ukasimama kwenye pampu. Akamtazama kaka yake, akatazama gurudumu.

"Alipiga."

"Alisema nini?"

"Alisema mlango ya moyo iko mufinyu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Alisema usibebe vitu vizito. Usipikie watu wengi."

"Na ukanyamaza."

"Nilisema harusi ipite kwanza. Watu wa Kabambare walishaalikwa, mama, ingekuwa haya kubwa. Harusi ikiisha ningekupeleka, haki ya Mungu ningekupeleka. Ilikuwa siku chache tu."

Nyungo zote zilikuwa zimetulia. Léocadie alimtazama yule mwanamume ambaye nguo zake zenye grisi amezifua miaka yote bila kulalamika, yeye mwenye kinyaa cha hata unywele mmoja. Alimwona analeta maji ya kuoga, anamwondolea beseni, anatazama pembeni. Mate ya Wenceslas angeweza kuyanawa. Hili la mumewe lilikuwa limelala naye kitandani, likamfunika shuka, likamwuliza kama amelala vizuri.

Wenceslas akakohoa. Kila mtu akafikiri, angalau sasa, huyu mzee ataomba radhi.

"Sasa," akasema, "hii mchele nani atapika?"

"Mulitaka nipike wali ya harusi na wali ya kilio yangu kwa moto moja," Léocadie alisema. Hakupaza sauti, pumzi ya kupaza haikuwepo. Akaingia ndani, akafunga vitenge vyake viwili, akatoka. Mwendeshaji wa pikipiki, aliyesikia yote, alishawasha.

Jean-Baptiste akainuka haraka, pampu bado mkononi.

"Ningoje, Mama Dady. Nikusindikize."

"Bakia," akamwambia, akipanda polepole. "Bakia upike."